Naitroksi Katika Kozi ya Pili ya Kupiga Mbizi: Nani Anafaidika?

Mtu aliyemaliza kozi ya kwanza ya kupiga mbizi Nungwi, Diani au Watamu hakai sana kabla ya kuwekewa mezani karatasi ya kozi ya pili. Kadi aliyonayo inamfikisha mita 18. Kozi ya pili, ambayo shirika la PADI linaiita Advanced Open Water, itampeleka hadi mita 30, nayo ina mbizi tano tu. Mbili hazina hiari: ya kina kirefu na ya kutafuta njia kwa dira. Tatu zilizobaki anachagua mwenyewe: meli iliyozama, mbizi ya usiku, mbizi ya mkondo, picha, kutambua samaki, kujimudu katikati ya maji na, karibu kila mahali siku hizi, naitroksi. Hapo ndipo mwalimu anapotabasamu na kusema: "Chukua naitroksi, kaka. Utakaa chini muda mrefu, na ukitoka hutachoka."

Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu hiyo yenyewe haimhusu kila mtu. Elimu ya naitroksi ni nzuri, na anayekusudia kuendelea na mchezo huu ataihitaji mapema kuliko anavyodhani. Lakini kuipa nafasi moja kati ya zile tatu ni kulipa kwa sarafu isiyofaa. Sehemu kubwa ya elimu hiyo hufundishwa nchi kavu, mtu akiwa amekaa kwenye kiti na kalamu mkononi. Maji yana mambo yake mengine ya kufundisha, na mbizi tano hazitoshi hata kwa hayo.

Tuanze na gesi yenyewe. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, naitrojeni asilimia 78, na kilichobaki ni gesi nyingine kidogo kidogo. Naitroksi ni hewa ile ile iliyoongezewa oksijeni, na kwa hiyo kupunguziwa naitrojeni. Michanganyiko inayouzwa zaidi ni ya asilimia 32 na 36, na kozi ya kawaida ya burudani haivuki asilimia 40. Tunaipunguza naitrojeni kwa sababu mwili hauitumii kwa lolote. Mpiga mbizi akishuka, mgandamizo wa maji unaisukuma iingie kwenye damu na nyama. Akipanda polepole inatoka kwa njia ya mapafu bila matata. Akikaa mno au akipanda kwa pupa, inageuka mapovu ndani ya mwili, na hapo huja maumivu ya viungo, ganzi, na katika hali mbaya kupooza. Huo ndio ugonjwa wa mgandamizo. Uliwaumiza wachimbaji wa misingi ya madaraja nchini Marekani katika miaka ya 1870, na hadi leo unawalemaza wapiga mbizi wa jamii ya Wamiskito wanaovua kambakoche huko Honduras na Nikaragua, ambao hushuka kina kirefu mara nyingi kwa siku moja bila mafunzo ya maana.

Naitrojeni ikiwa kidogo kwenye mtungi, inayoingia mwilini nayo ni kidogo. Faida zote za kweli za naitroksi zinatoka hapo, na chumvi zote zinazoongezwa juu yake zinatoka hapo pia.

Gesi hii haikuanza kwenye hoteli za kitalii. Iliingizwa katika kazi za kisayansi na NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulika na bahari na hali ya hewa, chini ya Morgan Wells, na mwaka 1979 taratibu za mchanganyiko wa asilimia 32 zikachapishwa katika kitabu cha mwongozo cha taasisi hiyo. Mwaka 1985 Dick Rutkowski, aliyekuwa ofisa wa taasisi hiyo hiyo, alianzisha shirika la kuwafundisha raia wa kawaida. Wakubwa wa biashara walipiga kelele. Mwishoni mwa 1991 waandaaji wa maonyesho ya sekta hiyo huko Houston walitangaza kuwafungia nje walimu wa naitroksi, na mwaka uliofuata klabu kuu ya Uingereza, BSAC, ikawakataza wanachama wake kuitumia. Kufikia 1995 BSAC ilikuwa imegeuka, na 1996 PADI nayo ikaingia sokoni na kozi yake. Gesi ile ile iliyoitwa ya kichawi ikawa bidhaa ya kila kaunta. Nayataja haya kwa sababu pande zote mbili za ugomvi ule zilitia chumvi: wa kwanza waliikuza hatari, na waliokuja baadaye wakaikuza faida. Msomaji wa leo anaishi na chumvi ya kundi la pili.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoamua.

Chukua meli ya Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo, ikazamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya pwani ya kaskazini ya Mombasa ili iwe makazi ya samaki. Imelala kwenye mchanga, kina cha takriban mita 30. Kwa jedwali la PADI, anayevuta hewa ya kawaida kwenye mita 30 anaruhusiwa dakika 20 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ili atoe naitrojeni. Akivuta naitroksi ya asilimia 32, naitrojeni anayoipata ni kama ya mtu aliye kwenye mita 24 na nusu hivi kwa hewa ya kawaida. Tukisogeza hadi mita 25 kwa usalama, jedwali linampa dakika 29. Dakika tisa za ziada juu ya meli kama ile si haba, na ndizo tangazo linazokuonyesha.

Tangazo halikuonyeshi mtungi. Mtungi wa alumini unaotumika pwani nzima una ujazo wa lita 11 na kidogo, na hujazwa hadi baa 200. Mwalimu atataka urudi juu ukiwa na baa 50 mkononi, kwa hiyo za kutumia ni 150, yaani lita kama 1,650. Mpiga mbizi mgeni, mwenye moyo unaodunda na miguu inayochapa maji ovyo, anaweza kuvuta lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo anakula lita 80 kila dakika. Gawanya: mtungi wake una dakika 20, na humo hujaondoa muda wa kushuka na wa kupanda. Zile dakika tisa za naitroksi zimelipiwa, lakini hana hewa ya kuzitumia.

Kwenye mita 18, ambako wageni wengi huogelea, mambo ni wazi zaidi. Jedwali linampa mtu wa hewa ya kawaida dakika 56 katika mbizi ya kwanza ya siku. Mtungi wa mgeni yule, kwa lita 56 kwa dakika, una dakika 29 hivi. Hata nusu nyingine ya ruhusa yake haijaigusa. Kumuuzia mtu huyo naitroksi ili "akae muda mrefu" ni kumuuzia saa za ziada mtu ambaye mshumaa wake unazimika mapema.

Lakini mfikirie sasa kiongozi wake, kijana wa Nungwi au Shimoni aliyekulia majini, anayevuta lita 12 kwa dakika akiwa ametulia. Kwenye Dania yeye ana zaidi ya nusu saa ya hewa. Akiwa na hewa ya kawaida, jedwali linamtoa dakika ya 20 mtungi ukiwa bado mzito. Na hiyo ni mbizi ya kwanza tu. Baada ya saa moja juu ya maji, akila ndizi na nanasi pamoja na wageni, atashuka tena, na naitrojeni ya asubuhi bado anayo mwilini. Muda unaoruhusiwa katika mbizi ya pili hupungua, na wa tatu zaidi. Kesho vivyo hivyo, na kesho kutwa, msimu mzima wa kaskazi. Mtu wa namna hiyo anapopewa naitroksi, faida yake haihitaji darubini.

Kwa hiyo wanaofaidika wana sura inayojulikana. Ni watu wanaovuta hewa kidogo. Wanapiga mbizi mbili au tatu kwa siku, siku kadhaa mfululizo. Wanashinda kati ya mita 18 na 30, kwa sababu juu ya hapo muda tayari ni mrefu, na chini ya hapo oksijeni yenyewe inaanza kuwa tatizo. Mpiga picha anayetaka kumsubiri pweza kwenye mwamba wa mita 22 ni mmoja wao. Aliyekodi boti ya kulala baharini wiki nzima kuzunguka Pemba ni mwingine. Mtalii wa mbizi mbili Mnemba halafu safari ya Serengeti hayumo.

Kuna njia ya pili ya kuitumia, nayo naiheshimu kuliko ya kwanza: kuvuta naitroksi lakini kufuata muda wa hewa ya kawaida. Hapo huongezi dakika hata moja, unapunguza tu mzigo wa naitrojeni. Kwa mantiki, hatari inapungua. Ni vigumu kuonyesha kwa takwimu imepungua kiasi gani, kwa kuwa ugonjwa wa mgandamizo ni nadra katika mbizi za burudani zinazofuata kanuni. Lakini katika pwani ambayo vyumba vya mgandamizo vya kutibia wagonjwa ni vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na ambako kutoka Mafia au Pemba hadi kwenye matibabu ni safari ya boti na ndege, kupunguza mzigo huo ni jambo la busara kwa mwenye umri mkubwa, mwenye mwili mnene, au mwenye ratiba ya mbizi nyingi.

Hilo la kutochoka limeenea mno, nami nimewasikia walimu wazuri wakiliapia. Mwaka 2003 daktari Richard Harris wa Australia na wenzake walichapisha jaribio lililowaweka wapiga mbizi kwenye chumba kikavu chenye mgandamizo wa mita 18. Walivuta ama hewa ama naitroksi bila kuambiwa ni ipi, kisha uchovu wao ukapimwa. Tofauti haikuonekana. (Harris huyo ndiye aliyekuja kujulikana dunia nzima mwaka 2018, alipowasaidia watoto wa timu ya mpira kutoka kwenye pango lililojaa maji nchini Thailand.) Uchunguzi mwingine wa baadaye uliofanywa baharini ulielekea upande wa pili, watu wakisema wanajisikia wachangamfu zaidi. Mjadala haujafungwa. Ila mtu asilipe dola zake kwa ajili ya uchovu, ambao mara nyingi unatokana na jua, mawimbi, maji machache ya kunywa na kuamka alfajiri.

Wapo pia wanaoamini kwamba naitroksi inaondoa ule ulevi unaowapata watu kina kirefu. Haiondoi kwa kiasi cha kutegemewa, kwani oksijeni nayo chini ya mgandamizo inahesabiwa kuwa na kilevi chake. Wala haifupishi muda wa kusubiri kabla ya kupanda ndege. Ushauri uliozoeleka ni saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi nyingi, na haukupunguziwa mtu kwa sababu ya mtungi wenye utepe wa kijani na njano. Wageni wanaopiga mbizi Mafia asubuhi na kutaka ndege ya jioni kwenda Dar es Salaam wanapaswa kuambiwa hivyo kabla hawajavaa jaketi.

Sasa upande wa pili wa mizani. Oksijeni, gesi tunayoililia mgonjwa akizidiwa, ni sumu ikigandamizwa kupita kiasi. Mfaransa Paul Bert aliliandika hilo mwaka 1878, na linahusu ubongo moja kwa moja: mtu anapata degedege. Nchi kavu degedege hupita na mtu akaamka. Chini ya maji kidude cha kuvutia hewa kinamtoka mdomoni, naye anazama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenneth Donald aliwafanyia majaribio wapiga mbizi wa jeshi la maji la Uingereza, akagundua jambo la kutisha zaidi: mtu yule yule anaweza kuvumilia muda mrefu leo na kesho akapata degedege mapema sana. Haiwezekani mtu kusema "mimi mwili wangu umezoea."

Ndiyo maana ukawekwa mpaka. Mgandamizo wa oksijeni peke yake usizidi baa 1.4 katika mbizi ya kawaida, na 1.6 ibaki kuwa ya dharura. Kwa asilimia 32, 1.4 inafika kwenye mita 33 na robo tatu hivi. Kwa asilimia 36, inafika kabla ya mita 29. Hapa wengi huteleza: wanadhani mchanganyiko wenye oksijeni nyingi ni "mkali" na kwa hiyo unashuka mbali. Ni kinyume chake. Oksijeni ikiongezeka, sakafu yako inapanda. Mtu aliyebeba asilimia 36 akashuka hadi mita 40 amefikisha 1.8, na hapo anacheza na maisha yake, ilhali jirani yake mwenye hewa ya kawaida kwenye kina kile kile, kwa upande wa oksijeni, hana shida.

Katika bahari yetu jambo hili lina uzito wake. Kwenye Dania mchanga wenyewe unakuzuia. Ila kuta za magharibi mwa Pemba hazina sakafu ya kukuzuia: mwamba unashuka wima kwenye mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, maji ni maangavu, na mita 35 inaonekana kama 20. Ongeza mkondo. Siku za bamvua maji yanapita kwa nguvu kwenye milango ya miamba kama Kinasi kule Mafia, na anayepigana nayo anahema, hewa chafu inajikusanya mwilini, na hewa chafu hiyo inajulikana kuharakisha sumu ya oksijeni. Mwalimu anayefundisha naitroksi bila kutaja bamvua na maji mafu amefundisha nusu ya somo, hata kama amemaliza kurasa zote za kitabu.

Basi kozi yenyewe inafundisha nini? Kiini chake ni kitendo kimoja kinachochukua dakika chache kando ya kompresa. Mtungi umesimama, wa moto kidogo kutokana na kujazwa. Unachukua kipimo cha oksijeni, kidude chenye kioo cha tarakimu na bomba dogo, unakiacha kivute hewa ya kawaida mpaka kisome 20.9. Kisiposoma hivyo unakirekebisha, na kikikataa kurekebishika unakiweka pembeni, kwani betri ya kemikali iliyo ndani huzeeka, na joto na unyevu wa pwani haviihurumii. Kisha unafungua mtungi kidogo tu, sauti nyembamba inasikika, na tarakimu zinapanda: 27, 30, 32, zinasita, zinatulia kwenye 33.2. Uliomba 32. Haijaharibika kitu, ila kina chako cha mwisho si 33 tena, ni 32. Unaandika kwenye utepe kwa kalamu nzito: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, jina lako. Unaubandika kwenye bega la mtungi. Halafu unaingiza namba ile ile kwenye kompyuta ya mkononi.

Kila hatua hapo ina sababu ya kufanywa na mvaaji mwenyewe. Kompyuta ikiachwa kwenye hewa wakati unavuta naitroksi, itakubania muda, haitakuumiza kwa naitrojeni, lakini haitakuonya kuhusu oksijeni. Ikiachwa kwenye asilimia 36 kutokana na mbizi ya jana wakati leo una hewa ya kawaida, itakupa muda ambao mwili wako hauna. Na kama umeambiwa "usijali, tumeshapima sisi," jibu la adabu ni kuomba kipimo. Kituo kinachochukia ombi hilo kimekwisha kukupa taarifa muhimu kuliko zote. Naitroksi, nisisahau, haisafishi hewa: kompresa inayonyonya moshi wa jenereta itajaza moshi kwenye mtungi wa kijani na njano vilevile.

Tazama basi orodha hiyo: kukokotoa, kupima, kuandika, kuweka kompyuta. Chini ya maji, mbizi ya naitroksi haina tofauti na nyingine. Gesi haina ladha wala harufu, na mwili hausikii chochote. PADI yenyewe imelikubali hilo, kwani katika kozi yake kamili ya naitroksi mbizi si za lazima. Mtu anasoma, anafanya mazoezi ya kupima, anafanya mtihani, anapata kadi. Hapa ndipo mtego wa kozi ya pili ulipo. Ukiichagua naitroksi kama moja ya mbizi tano, unapiga mbizi moja ya naitroksi chini ya uangalizi wa mwalimu. Itahesabiwa ukija kuikamilisha kozi kamili, lakini yenyewe haikupi kadi ya naitroksi. Ukienda kituo kingine wiki ijayo ukaomba mtungi wa asilimia 32, utaulizwa kadi usiyo nayo. Wateja wengi hawaambiwi hivyo mpaka wameshalipa.

Linganisha na mbizi ya kujimudu katikati ya maji. Hiyo haifundishiki kwenye kiti. Unajifunza risasi ngapi zinakutosha, jinsi ya kukaa mlalo, jinsi ya kupanda na kushuka kwa pumzi peke yake bila kupapasa vitufe vya jaketi. Matokeo yake ni makubwa kwa pande tatu. Matumbawe ya Chole na Kisite yanapona magoti na mapezi ya wageni. Wewe unaacha kuhangaika, na lita 20 kwa dakika zinakuwa 17, pengine 15. Na hewa ikishadumu, ndipo naitroksi inapoanza kukufaa. Utaratibu una mwelekeo mmoja: ujuzi wa majini kwanza, gesi baadaye. Kuuanza kwa nyuma ni hasara.

Si wote wanaoupanga hivyo. BSAC ya Uingereza imeingiza matumizi ya naitroksi ndani ya kozi yake ya kwanza kabisa. GUE, shirika dogo lenye nidhamu kali, linaichukulia asilimia 32 kuwa gesi ya kawaida ya mbizi za hadi mita 30, tena linadai ujuzi wa kujimudu kabla ya kukupa cheti chochote. SSI, ambayo vituo vyake ni vingi pwani yetu, ngazi yake ya Advanced Open Water huipati kwa mbizi tano, bali kwa kozi nne za ujuzi maalumu na mbizi 24 zilizoandikwa. Katika mfumo huo naitroksi inakaa vizuri kama moja ya zile nne, kwa vile nafasi ya majini haijaliwa. Ubishi wangu ni na ile karatasi ya mbizi tano tu.

Hata humo kuna wakati ningesema ichukue. Kituo kikikubali kukupa kozi kamili ya naitroksi pembeni, ukaisoma jioni na kupima mitungi asubuhi, halafu ukavuta gesi hiyo kwenye mbizi zako za meli, za mkondo na za kujimudu, umepata kadi mbili bila kupoteza nafasi hata moja. Vituo vingi vinakubali ukiomba. Haviitangazi tu njia hiyo, kwa kuwa kuuza kipande kimoja kimoja kuna faida zaidi. Uliza kabla ya kulipa: nikimaliza nitakuwa na kadi ya naitroksi, au nitakuwa nimeionja tu? Mtungi wa naitroksi unaongezewa bei gani kila mbizi? Nitaupima mwenyewe?

Limebaki kundi moja ambalo halijazi karatasi yoyote, nalo ndilo linaloibeba biashara nzima. Viongozi wa mbizi na wasaidizi wao, vijana wa Nungwi, Matemwe, Utende, Diani na Watamu, wanashuka mara nyingi kuliko mgeni yeyote. Wanashuka kufunga nanga, wanapanda kumchukua mgeni aliyechelewa, wanashuka tena, na hewa wanavuta ya kawaida kwa sababu naitroksi ni ya wanaolipia. Gesi haitaondoa madhara ya kupanda na kushuka ovyo, na hilo lina dawa yake katika kupanga kazi. Lakini kwa hesabu yoyote niliyoweka hapo juu, mwili unaostahili naitroksi wa kwanza kwenye boti ni wa kiongozi, wala si wa mteja. Kozi yenyewe ni ya siku moja, kipimo cha oksijeni kipo tayari kituoni, na kwenye vituo vyenye mtambo wa kuchuja naitrojeni gharama ya kujaza mtungi mmoja zaidi ni ndogo. Wenye vituo, wafundisheni wafanyakazi wenu bila malipo, na wapeni asilimia 32 kila siku wanayopiga mbizi zaidi ya moja kati ya mita 18 na 30. Na mgeni unayesoma haya, ukifika chomboni ukaona mtungi wako una utepe na wa kiongozi wako hauna, muulize mwenye kituo sababu.